Sarafu ya Kirumi usiyoijua: anza na mizani, sura iache mwisho

Wasomaji wa Injili wanalikumbuka swali ambalo Yesu aliwauliza waliomjaribu juu ya dinari: sura hii ni ya nani, na maandishi haya ni ya nani? Walijibu papo hapo, kwa sababu fedha ile waliishika kila siku. Aliyeikuta sarafu kama hiyo leo ndani ya mfuko wa sarafu mchanganyiko, au kwenye kisanduku alichorithi, hana wepesi huo. Pua ya Kaisari imelika, nusu ya herufi zimefutika, na tangu Augustus hadi kuanguka kwa Roma ya magharibi mwaka 476 wamepita makaisari wengi ambao sura zao hazitofautiani sana machoni pa mgeni.

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kuanza na sura. Mtu anakodolea kichwa, anafungua picha mtandaoni, anamwona Kaisari mwenye pua inayofanana, basi ameshaamua. Baada ya hapo kila herufi anailazimisha ikubaliane naye. Njia ya uhakika inakwenda kinyume: mwili wa sarafu kwanza, yaani madini, upana na uzito, kisha herufi, kisha picha ya upande wa pili, sura ije mwisho kuthibitisha. Uzito haudanganywi na matamanio ya mwenye sarafu.

Kwanza, je, ni ya Kirumi?

Herufi IMP zimewapotosha wengi. Riali ya Maria Theresa, ile sarafu pana ya fedha iliyotumika Unguja, Oman na Uhabeshi, ina R IMP katika maandishi yake, na maana yake kweli ni malkia wa Warumi, kwa sababu mumewe alikuwa mkuu wa Dola Takatifu ya Kirumi ya Ulaya. Lakini ina mwaka 1780 juu yake, uzito wa gramu 28 hivi na upana wa milimita 40. Senti na shilingi za Afrika Mashariki za enzi ya Mfalme George V nazo zina IND IMP, yaani kaisari wa India. Sarafu ya Roma ya kale haina mwaka ulioandikwa kwa tarakimu zetu, wala ukingo wake hauna vijistari vya mashine. Zipo dinari za enzi ya Jamhuri, kabla ya makaisari, zilizokatwa meno ukingoni, ila meno hayo ni mapana, ya mkono, na hayalingani.

Kipande kidogo cha shaba chenye Kiarabu pande zote mbili, bila kichwa cha mtu, kikiwa kimetoka Kilwa, Mafia, Pemba au Unguja, kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa cha masultani wa Kilwa. Sarafu hizo zina jambo la kupendeza: jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili hufungwa kwa vina, kama ubeti mfupi. Ikiwa imeokotwa ardhini, iache ilipo, piga picha, andika mahali, utoe taarifa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Sarafu iliyong'olewa mahali pake bila kumbukumbu hupoteza sehemu kubwa ya habari iliyokuwa nayo.

Ukiona herufi kubwa M, K au I imejaza upande mzima, hiyo ni ya Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya mashariki, baada ya mageuzi ya fedha ya Kaisari Anastasius ya mwaka 498. M hapo ni tarakimu ya Kigiriki, 40. Na ukiona Kigiriki kikizunguka kichwa cha Kaisari, ni ya Kirumi bado, ila imefuliwa katika jimbo la mashariki. Kwa hizo tutarudi.

Mizani na kalipa

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupima milimita, lenzi ya sonara inayokuza mara 10, na tochi ndogo. Pima upana mahali papana zaidi na pembamba zaidi, kwa sababu sarafu hizi zilipigwa kwa nyundo na chache ni duara kamili. Andika namba kabla ya kufikiri chochote kingine.

Dinari ni ya fedha, milimita 17 hadi 20. Chini ya Augustus ilikuwa karibu gramu 3.9, ratili moja ya Kirumi ikitoa dinari 84. Mwaka 64 Nero aliipunguza, zikawa 96 kwa ratili, takriban gramu 3.4. Baadaye fedha ilizidi kuchanganywa na shaba, kwa hiyo dinari ya Septimius Severus yenye rangi ya kijivu si lazima iwe ya bandia.

Mwaka 215 Caracalla alileta sarafu tunayoiita antoniniani. Inatambulikana kwa taji la miali, kama miale ya jua, kichwani mwa mwanamume. Mwanamke huwekwa juu ya mwezi mwandamo. Ilianza na gramu 5 hivi za fedha hafifu. Kufika miaka ya 260, chini ya Gallienus na kisha Claudius II, ilikuwa kipande cha shaba cha gramu 2.5 hadi 3.5 kilichopakwa fedha nyembamba juu, na ngozi hiyo kwa kawaida imeshatoka. Ndiyo maana shaba ndogo ya milimita 18 hadi 22 yenye kichwa cha miali ni mojawapo ya sarafu zinazopatikana kwa wingi kabisa.

Upande wa shaba wa karne mbili za kwanza, kubwa ni sestersi: shaba ya njano, milimita 32 hadi 36, gramu 22 hadi 28. Inafuata dupondi, shaba ya njano pia, na asi, shaba nyekundu. Zote mbili zina milimita 25 hadi 28 na gramu 9 hadi 14. Hapa watu hukwama, kwa sababu udongo wa miaka 1,900 umezifunika rangi moja ya kijani au kahawia. Usikwangue ili kuona rangi. Tazama kichwa: tangu Nero, taji la miali kwa kawaida ni dupondi, taji la majani ni asi. Tena, antoniniani na dupondi zote zina miali. Mizani inazitenganisha kwa sekunde moja, gramu 3 dhidi ya 12.

Karibu mwaka 294 Diocletian alileta shaba mpya yenye fedha kidogo, gramu 10 na milimita 28 hivi, ambayo wakusanyaji huiita folisi. Ikaporomoka haraka. Kufika mwaka 318 ilikuwa gramu 3, miaka ya 330 ya mwanzo 2.5, na baada ya 335 karibu 1.6. Mporomoko huu ni neema kwetu: katika nusu ya kwanza ya karne ya 4 uzito unakusaidia sana kukadiria muongo. Shaba za karne hiyo ambazo jina lake la asili lina utata hupangwa kwa upana, AE1 hadi AE4: zaidi ya milimita 25, 21 hadi 25, 17 hadi 21, na chini ya 17. Dhahabu ni nadra kuikuta kisandukuni bila mtu kujua. Ikitokea, aurei ni gramu 7 hadi 8, na solidi ya Constantinus ni 4.5.

Kabla ya kuosha

Kwetu shaba hung'arishwa kwa ukwaju, limau au majivu, na sufuria hutoka iking'aa. Kwa sarafu ya kale hilo ni kuiua. Asidi hula lile ganda la kijani au jeusi, na mara nyingi maandishi yamebaki ndani ya ganda, si kwenye madini yaliyo chini yake. Ukilitoa, umetoa herufi. Loweka katika maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuweka kwenye betri ya gari (maji matupu, si asidi), badilisha kila siku chache, toa udongo kwa kijiti cha meno chini ya lenzi. Kazi inaweza kuchukua wiki kadhaa. Brashi ya waya, dawa ya meno na sabuni ya unga viwe mbali.

Ila kuna kijani kimoja kisichovumilika: unga mwepesi wa rangi ya kijani kibichi kinachofifia, unaochomoza kwenye vishimo na kurudi tena ukiufuta. Hicho ni kloridi kinachokula shaba kwa msaada wa unyevu, na hewa ya pwani yenye chumvi humpa nguvu adui huyu. Tenga sarafu hiyo na nyingine, iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, kisha umtafute mtaalamu wa uhifadhi. Usitumie vifuko laini vya plastiki ya PVC, vinatoa utelezi wa kijani unaozidisha tatizo.

Kusoma herufi

Zima taa ya dari. Washa tochi, ilaze karibu usawa wa meza ili mwanga upite juu ya sarafu kwa upande, na uizungushe sarafu polepole. Herufi iliyokuwa haionekani inatupa kivuli mwanga ukitoka upande mmoja na kupotea ukitoka upande mwingine. Piga picha 4, mwanga ukitoka pande 4 tofauti, uzilinganishe.

Maandishi kwa kawaida huanza kushoto chini, karibu na bega la Kaisari, pale ilipo tarakimu 7 kwenye uso wa saa, na kuzunguka kama mshale unavyokwenda. Kwenye baadhi ya sarafu za karne ya kwanza huzunguka kinyume. Hakuna nafasi kati ya maneno. Pale maandishi yanapokatika juu ya kichwa si mwisho wa neno: TRAIAN na VS zinaweza kutenganishwa na kichwa kizima. U huandikwa V. A mara nyingi haina kijiti cha katikati, E iliyolika hugeuka F au I, R hugeuka P, na katika karne ya 3 na 4 M hupigwa kama vijiti vinne vilivyosimama. Andika ulichokiona tu, na nukta kwa kila herufi iliyopotea: IMP..A.ANO AVG.... Karatasi yenye nukta za kweli ina thamani kuliko neno zima la kubuni.

Maandishi mengi ni vifupisho vya vyeo, na vyeo ndivyo vinavyotoa tarehe. IMP ni imperator, jemadari mkuu. CAES ni Kaisari, AVG ni Augustus. P M ni kuhani mkuu, TR P ni mamlaka ya utetezi wa raia, yaliyohesabiwa kila mwaka na wengi wa makaisari. COS ni ukonsuli, cheo cha juu cha serikali ya Roma, ukifuatwa na idadi ya mara alizoushika. P P ni baba wa taifa. GER, DAC, PARTH ni ushindi: dhidi ya Wajerumani, Wadakia, Waparthi. Karne ya 4 inaleta D N, Bwana wetu, na P F, mcha Mungu na mwenye heri. Ukiona D N mwanzoni na P F AVG mwishoni, uko katika karne ya 4 au baadaye, hata kama jina lote limefutika. NOB C au NOB CAES ni mrithi wa kiti, hajawa Augustus. Na herufi zilizorudiwa huhesabu watu: AVGG ni wawili, AVGGG watatu.

Chukua dinari hii. Gramu 3.2, milimita 18.5, kichwa chenye taji la majani, hakuna ndevu. Upande wa kichwa: IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P. Upande wa pili: COS V P P S P Q R OPTIMO PRINC, na mwanamke aliyesimama na mizani mkono mmoja, pembe ya neema (pembe iliyojaa matunda) mwingine. Jina ni Traianus, aliyetawala 98 hadi 117. Mwisho wa -O unamaanisha sarafu imetolewa kwa heshima yake: Baraza na watu wa Roma kwa mtawala bora kuliko wote. DAC alipewa mwishoni mwa 102, kwa hiyo miaka ya kwanza imeondoka. Ukonsuli wa tano aliushika mwaka 103, wa sita 112, basi COS V inaifunga sarafu kati ya 103 na 111. Kama ingekuwa COS VI, ingebidi kuangalia kama OPTIMO imehamia ndani ya jina lake upande wa kichwa, jambo lililotokea mwaka 114, na kama kuna PARTHICO, 116. Hivyo herufi chache zimekata utawala wa miaka 19 vipande vipande, na sura haijatumika bado.

Majina yanayogongana

Hapa ndipo hata waliozoea hupotea, na panastahili subira.

ANTONINVS ni jina la watu watano wanaokutwa mara kwa mara. Antoninus Pius ni ANTONINVS AVG PIVS, PIVS ikiwa baada ya AVG. Marcus Aurelius ni M ANTONINVS, na Commodus huandika COMMODVS mahali fulani. Caracalla ni ANTONINVS PIVS AVG, PIVS ikiwa kabla ya AVG, bila IMP mwanzoni katika dinari zake nyingi za utu uzima. BRIT inaonekana tangu 210, GERM tangu 213. Elagabalus ni IMP ANTONINVS PIVS AVG, na mara nyingi ana nyota uwanjani, yaani kwenye nafasi tupu kando ya picha, upande wa pili, na katika sarafu zake za mwisho kitu kama pembe juu ya paji la uso. Tofauti kati ya wawili hawa wa mwisho inaweza kuning'inia kwenye herufi tatu, IMP, ambazo ziko ukingoni na ndizo za kwanza kulika. Zikiwa hazipo, picha ya upande wa pili ndiyo itakayoamua.

CLAVDIVS naye ni wawili. TI CLAVDIVS CAESAR ni yule wa karne ya kwanza, shaba nzito. IMP C CLAVDIVS AVG mwenye miali ni Claudius II, 268 hadi 270, na ndiye utakayemkuta mara nyingi zaidi. Faustina ni mama na binti: mama husukwa nywele na kufungwa utosini, binti hufungwa kisogoni, na DIVA FAVSTINA kwa kawaida ni mama, aliyefariki mapema katika utawala wa mumewe, Antoninus Pius.

Kisha familia ya Constantinus. Baba na wanawe watatu wamejaza karne ya 4 kwa CONSTAN- na kwa shaba ndogo zilizolika katikati ya jina, mahali pabaya kuliko pote. CONSTANTINVS MAX AVG kwa kawaida ni baba. CONSTANTINVS IVN NOB C ni mwana, Constantinus II. CONSTANTIVS ni Constantius II, CONSTANS ni mdogo wao. Ukiona mwanzo CONSTAN na mwisho P F AVG tu, hesabu nafasi. Pima kwa kalipa upana wa herufi tano zilizo wazi, pata wastani, kisha ona pengo linatosha herufi ngapi. Baada ya CONSTAN, Constans anahitaji S moja tu, Constantius TIVS, Constantinus TINVS. Njia hii haitofautishi kwa uhakika TIVS na TINVS kwenye sarafu mbaya, lakini Constans humtoa au kumwingiza bila shaka kubwa.

Picha ya upande wa pili

Picha hizi si mapambo. Ni lugha, na vitu vilivyoshikwa mikononi ndiyo maneno yake. Usukani wa chombo pamoja na pembe ya neema: Fortuna. Mizani na pembe ya neema: Aequitas, au Moneta, na hawa wawili hutenganishwa na maandishi tu. Tawi la mzeituni: Pax. Mabawa, taji na kuti: Victoria. Nyoka akilishwa: Salus. Fimbo iliyozungukwa na nyoka wawili: Felicitas. Kofia ndogo ya mtumwa aliyeachwa huru: Libertas. Ua mkononi na vazi likiinuliwa kidogo: Spes. Masuke ya nafaka na kipimo: Annona. Bendera mbili za kijeshi: Fides. Mwanamume mwenye miali akiinua mkono wa kulia: Sol.

S C kubwa uwanjani, agizo la Baraza, huonekana kwenye shaba za Roma za karne mbili na nusu za kwanza. Tahadhari moja: S C ndani ya shada la majani, kukiwa na Kigiriki upande wa kichwa, ni shaba ya Antiokia ya Shamu, ambako herufi hizo mbili ziliigwa. Wengi huitafuta kwenye orodha za Roma wasiione.

Gallienus aliacha mfululizo wa 267 na 268 unaofurahisha kuusoma: wanyama tu, kila mmoja akiwa wa mungu fulani. Kulungu au paa na DIANAE CONS AVG, chui na LIBERO P CONS AVG, farasi wa baharini na NEPTVNO CONS AVG, farasi mwenye mabawa na SOLI CONS AVG. Hata bila herufi moja, umbo la mnyama pamoja na mwili wa antoniniani ya gramu 3 kwa kawaida linakuleta kwenye utawala mmoja, kiwanda kimoja cha Roma, miaka miwili.

Karne ya 4 ina picha chache zinazorudiwa mno, na hilo lina faida. Lango la ngome lenye minara na PROVIDENTIAE: miaka ya 320. Mbwa mwitu akinyonyesha watoto pacha, na VRBS ROMA upande wa kichwa: kuanzia 330. Askari wawili na bendera mbili kati yao, GLORIA EXERCITVS: 330 hadi 335. Askari haohao na bendera moja: 335 hadi 341. Victoria wawili wakitazamana na mataji: 347 na 348. Askari akimchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka, FEL TEMP REPARATIO: kuanzia 348. Kaisari akimburuta mateka kwa nywele, GLORIA ROMANORVM: wakati wa Valentinianus na Valens, baada ya 364.

Chini ya mstari ulio miguuni mwa picha kuna herufi za kiwanda. TR ni Trier, LG ni Lyon, ARL au CONST ni Arles, AQ ni Aquileia, SIS ni Siscia, TS ni Thessalonica, HT au HERAC ni Heraclea, CONS ni Constantinople, N ni Nicomedia, K ni Cyzicus, ANT ni Antiokia, ALE ni Aleksandria, R ni Roma, LON au LN ni London. Mara nyingi hutanguliwa na SM, fedha takatifu, au P. Herufi ya mwisho ni karakana ndani ya kiwanda: magharibi P, S, T, Q za Kilatini, mashariki A, B, Γ, Δ za Kigiriki. CONST peke yake ndiyo mtego: ni Arles, uliobadilishwa jina, si Constantinople.

Sarafu nene za Aleksandria, za fedha hafifu au shaba, milimita 18 hadi 25, husomwa tofauti kabisa. Upande wa pili kuna alama kama L ikifuatwa na tarakimu za Kigiriki: L ni mwaka wa utawala, B ni 2, Γ ni 3, IA ni 11. Hesabu ya Misri ilianza mwaka mpya mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo mwaka wa kwanza wa Kaisari unaweza kuwa wa wiki chache tu.

Bandia, na nakala za zamani

Tazama ukingo kwanza. Mstari mwembamba unaozunguka sarafu nzima ni alama ya kalibu mbili zilizounganishwa. Sarafu ya Kirumi ilipigwa kwa nyundo, na ukingo wake hupasuka, hauungwi. Vishimo vidogo vya duara vilivyotapakaa ni viputo vya hewa ya kuyeyusha. Herufi laini kama sabuni iliyotumika, hali nywele za Kaisari zimebaki wazi, hazina mantiki: sehemu iliyoinuka ndiyo hulika kwanza. Sestersi nzuri mno kupita kiasi huenda ikawa ya kizazi cha Giovanni da Cavino wa Padua, aliyetengeneza nakala maarufu katika karne ya 16; nazo leo zinakusanywa kwa ajili yake.

Dinari yenye mng'ao wa fedha na jeraha linaloonyesha shaba ndani ilitengenezwa na mghushi wa kale, au imepakwa juzi. Kipimo cha maji husaidia. Pima sarafu kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Namba inayoonekana ni ujazo. Gawanya uzito kwa ujazo: 3.30 kwa 0.32 ni 10.3, karibu na fedha safi ya 10.5; 3.30 kwa 0.37 ni 8.9, shaba. Kosa la 0.01 kwenye sarafu ndogo hivi hubadilisha jibu kwa asilimia 3, basi rudia mara tano, ondoa viputo kwa brashi laini, na usiifanyie sarafu yenye mapovu ya kutu.

Kuna pia vijisarafu vya milimita 10 hadi 15 vyenye miali, sura kama iliyochorwa na mtoto aliyejifunza kuchora jana, na herufi zisizo neno lolote. Havikughushiwa kwa ajili yetu. Vilitengenezwa kienyeji Gaul (Ufaransa ya leo) na Uingereza miaka ya 270 na 280, wakati chenji ilipoadimika, vikiiga hasa sarafu za Tetricus, mtawala wa Gaul. Andika hivyo, usivipe jina la Kaisari kwa nguvu.

Kuandika ulichokipata

Ukiwa na madini, upana, uzito, vipande vya maandishi na picha, fungua OCRE, hifadhi ya bure ya mtandaoni inayofuata orodha ya RIC (Roman Imperial Coinage) kwa sarafu za dola, au RPC Online (Roman Provincial Coinage) kwa za majimbo. Chuja kwanza kwa aina na madini, kisha kwa kipande cha maandishi ya upande wa pili, si wa kichwa. Upande wa pili hutoa matokeo machache zaidi.

Pima pia mhimili: shika sarafu kwa vidole viwili juu na chini, kichwa kikiwa wima, igeuze kama mlango, uone juu ya picha ya pili inaelekea tarakimu ipi ya saa. Sarafu nyingi za dola ni 6 au 12. Andika tarakimu ya uso wa saa, wala si saa za Kiswahili, ili mwenzako asiipindue.

Kisha andika kwa kiwango unachoweza kukitetea. Iliyokamilika husomeka hivi: Traianus, dinari, Roma, 103–111, gramu 3.21, milimita 18.5, mhimili 6. Ikifuatwa na maandishi ya pande zote mbili na picha. Isiyokamilika nayo ina haki ya kuandikwa: Constantius II au Constantinus II, shaba AE4, gramu 1.52, milimita 15, CONSTAN... P F AVG, kichwa chenye taji la utepe. Askari wawili na bendera moja, GLORI... ; SM..Δ, kiwanda cha mashariki, karakana ya 4, 337–341. Mwaka 337 unatokana na AVG, kwa kuwa wana hao walipata cheo hicho Septemba ya mwaka huo, na 341 unatokana na bendera moja. Constans ameachwa nje kwa sababu pengo kati ya N na P ni la herufi nne au tano, si moja. Sababu hizo ziandikwe kwenye kadi hiyohiyo, chini ya jina.